Aliyetangulia Kufika Apewe Kwanza: Je, Ndiyo Haki?

Kitanda ni kimoja katika wodi ya wagonjwa mahututi, na wanaokihitaji ni wawili. Nani apewe? Wengi wetu tungejibu upesi: aliyetangulia kufika. Jibu hilo lina sura ya haki, kwani haliangalii cheo, dini wala mali. Hata hivyo, Govind Persad, mwanazuoni wa sheria nchini Marekani, ni miongoni mwa waliolitilia shaka.

Mwaka 2009, Persad pamoja na Alan Wertheimer na Ezekiel Emanuel walichapisha katika jarida la The Lancet makala iliyopima kanuni 8 za kugawa huduma adimu. Miongoni mwake ni kupiga kura, kufuata foleni, kumtanguliza mgonjwa aliye na hali mbaya zaidi, kumtanguliza mwenye umri mdogo, na kuokoa maisha ya watu wengi zaidi. Walihitimisha kwamba hakuna kanuni moja inayotosha peke yake. Foleni waliikataa, kwa kuwa humpendelea mwenye nafasi: anayepata habari mapema, mwenye usafiri, asiyezuiwa na kibarua wala malezi ya watoto.

Mwaka 2020, wakati wa korona, Persad alikuwa miongoni mwa waandishi waliopendekeza katika The New England Journal of Medicine jinsi ya kugawa vifaa kama mashine za kupumulia. Walishauri foleni isitumike. Wahudumu wa afya watangulizwe, si kwa kuwa utu wao ni bora, bali kwa sababu wakipona hurudi kuokoa wengine. Wagonjwa wenye matumaini sawa ya kupona wapigiwe kura.

Mawazo haya hayakukosa wapinzani, hasa lile la kuzingatia umri, ambalo wengi huliona kuwa linawabagua wazee. Mjadala huo ni halali, na mahali pake ni kabla ya uhaba kufika.

Kwa mhudumu wa afya, kanuni iliyokubaliwa mapema na kuandikwa humwondolea mzigo wa kuamua peke yake, usiku, kando ya kitanda. Kwa mgonjwa na jamaa zake, humpa haki ya kuuliza: ni kigezo gani kilichotumika, na je, kimetumika kwa wote?