Kigari au mbeleko? Tumbebe vipi mtoto mchanga

Bibi mmoja wa Handeni ametuuliza jambo ambalo familia nyingi siku hizi zinabishana juu yake. Mjukuu wake amezaliwa Korogwe, na alipopimwa alikuwa na kilo 2 na robo tu. Sasa ana wiki tatu. Baba wa mtoto anafanya kazi Dar es Salaam, na ameona dukani kigari cha mtoto, chepesi, kinachokunjwa na kuingia hata kwenye basi. Anataka kukinunua ili mkewe atakaporudi kwenye biashara yake sokoni Manundu asihangaike na mtoto mgongoni. Bibi anasema hizo ni fedha za kutupa, maana kanga ipo. Mkwewe yuko katikati, hataki kumuudhi mume wala mama mkwe.

Ndugu msomaji, kwa mtoto wa wiki tatu aliyezaliwa na uzito huo, tunasimama upande wa bibi. Baba naye atapata zamu yake baadaye, nasi tutafika huko.

Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2 na nusu hana mafuta ya kutosha mwilini. Hupoteza joto upesi, na akipoa hushindwa kunyonya. Kumlaza peke yake ndani ya kigari, hata kikiwa na godoro zuri, ni kumwondoa mahali penye joto analolihitaji, yaani kifua cha mama. Huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, Daktari Edgar Rey hakuwa na mashine za kutosha za kuwapasha joto watoto njiti, akawafunga vifuani mwa mama zao. Ndiyo huduma tunayoiita kangaruu. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo kupitia Hospitali ya Taifa Muhimbili. Watoto wa kilo 1 hadi karibu kilo 1.8 waliofungwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza hali zao zitulie, walipungukiwa na vifo kwa robo nzima katika siku 28 za mwanzo. Mwaka 2022 Shirika hilo likashauri huduma hii kwa watoto wote wadogo, hospitalini na nyumbani, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Basi namna yake ni hii. Mtoto avuliwe nguo, abaki na nepi, kofia na soksi. Awekwe wima kati ya matiti, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande, miguu imekunjwa na kupanuka kama ya chura. Kanga ipite juu yake hadi chini ya sikio, ifungwe imara, kisha mama avae gauni au shati lake juu. Mama akitaka kuoga au kula, bibi ampokee kifuani. Baba akija likizo, naye afunge. Hakuna aibu yoyote katika hilo, na wanaume waliojaribu hawataki tena kumwachia mtu mwingine!

Mtoto akishanenepa na kukaza shingo yake vizuri, ndipo anahamia mgongoni. Mbeleko tumeirithi, lakini tusifikiri kwamba kila anayeifunga anaifunga sawa. Tazama miguu. Mapaja yamkumbatie mama, magoti yawe juu kidogo kuliko makalio. Mkao huo husaidia mfupa wa paja kukaa vizuri kwenye tundu la nyonga wakati bado ni laini. Kumfunga mtoto miguu ikiwa imenyooshwa na kubanana ndiko kunakodhuru nyonga. Tazama na uso. Kidevu kikigusa kifua, njia ya hewa hujikunja kama mpira wa maji, na mtoto mdogo hunyamaza bila kulia. Vidole viwili vipite kati ya kidevu na kifua. Wengi wetu hutupa kanga ya pili juu ya kichwa cha mtoto kwa sababu ya jua au vumbi. Afadhali mwavuli.

Faida nyingine ni utulivu. Mwaka 1986 madaktari Hunziker na Barr wa Montreal, Kanada, waliwaomba akina mama wawabebe watoto wao kwa saa nyingi zaidi kila siku, hata kama hawalii. Walipofika wiki sita, watoto hao walikuwa wanalia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Bibi zetu wa Kizigua na Kisambaa wangecheka kusikia kwamba jambo hilo lilihitaji utafiti.

Lakini bibi naye asikilize. Mgongo wa mama una hatari zake, na hatuzisemi vya kutosha. Mama anainama juu ya jiko la mkaa, mtoto mgongoni anachungulia na kunyosha mkono, sufuria ya uji inapinduka. Wakati wa kupika, mtoto apewe mtu mwingine au alazwe mkekani mbali na moto. Maji nayo ni shida ya kila siku katika vijiji vya Handeni, na ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani. Mama akiteleza na mzigo huo, wanaanguka wawili. Kama hakuna wa kuachiwa mtoto, chukueni kidumu cha lita 5 na kurudi mara nyingine, inachosha, tunajua. Aliyejifungua kwa upasuaji asikaze fundo juu ya kidonda, wala asibebe kitu kizito kuliko mtoto mwenyewe kwa wiki sita.

Kubwa kuliko yote ni bodaboda. Mama amekaa upande, mtoto mgongoni, ncha ya kanga inapepea karibu na spoki na cheni. Kofia ngumu ya kumwenea mtoto mchanga haipo, na hakuna namna ya kumpakia mtoto wa umri huo kwenye pikipiki ambayo tunaweza kuiita salama. Pandeni basi au bajaji, au tembeeni. Ikiwa ni usiku, mtoto anaumwa na pikipiki ndiyo pekee iliyopo, basi kataeni mishikaki, mama akae kwa kutanua miguu, ncha zote za kanga zichomekwe ndani, na dereva aende polepole.

Sasa tuje kwa baba. Kigari chepesi kinachokunjwa kama mwavuli kilibuniwa mwaka 1965 na Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi wa ndege, kwa kutumia mabomba ya aluminiamu. Hakikufika hata kilo 3. Alikibuni kwa ajili ya njia za lami na saruji, na hapo ndipo penye swali. Magurudumu yake madogo yatapita barazani na kwenye lami ya mjini Korogwe. Kwenye mchanga wa njia za Handeni, au kwenye matope ya masika, mama atakibeba kigari kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine.

Anayenunua, hasa cha mtumba, akague kama anavyokagua baiskeli. Akifungue na kukikunja mara kadhaa aone kama kitasa kinashika, maana kikijikunja chenyewe hubana vidole. Akanyage breki kisha akisukume. Mikanda ishike mabega, kiuno na katikati ya miguu. Kiti kinachokaa wima tu hakimfai mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe, kwani kichwa humwangukia kifuani. Kikapu cha nyanya kisining'inizwe kwenye mpini, kigari kitapinduka kinyumenyume. Wala kisifunikwe kwa kanga juani, ndani hugeuka tanuri. Tena pembeni mwa barabara kuu malori hayaishi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walieleza mwaka 2018 kwamba mtoto kwenye kigari huvuta hewa chafu kuliko mtu mzima anayemsukuma, kwa kuwa yuko usawa wa mabomba ya moshi.

Kuna jambo la kufurahisha. Vile vibebeo vya mikanda vya kumbebea mtoto kifuani, vinavyouzwa ghali madukani, asili ya kimojawapo ni Afrika. Ann Moore, muuguzi Mmarekani aliyefanya kazi Togo miaka ya 1960, aliwaona akina mama wa huko wamebeba watoto mgongoni kwa kitambaa. Aliporudi kwao alitengeneza chake, akapata hataza mwaka 1969.

Kwa hiyo, bibi, mwambie mwanao asitume kigari sasa. Atume nauli ya bajaji ya kwenda kliniki na bei ya kanga mbili pana za pamba. Mtoto akifika miezi sita au saba, akakaa bila kushikwa, kigari kitamfaa pale kibandani sokoni wakati mama anahudumia wateja, ila asiachwe humo kutwa nzima. Kwa wiki hizi, mshikeni miguu kila mara. Ikiwa ya baridi, au akikataa ziwa, au akipumua kwa kuvuta mbavu, mfungeni kifuani hivyo hivyo na mwende hospitali usiku huo huo.