Mvua Inanyesha, Pampu Inanguruma

Kwenye karatasi mradi wa bustani ya nyumbani inayojimwagilia hauna doa. Simtanki juu ya mnara, mipira ya matone kwenye matuta ya mchicha na matembele, kihisi cha mvua, na kisanduku cha umeme kinachoamua: ikinyesha, maji yafungwe, pakikauka, yafunguliwe. Mwenye nyumba anatoka Mbezi alfajiri kwenda kazini Posta, anarudi usiku, bustani imeshakunywa. Nani akatae?

Kasoro huanzia mnarani. Mita 10 za kimo hutoa takriban baa 1 tu ya msukumo, na minara mingi ya majumbani haifiki hata nusu ya hapo. Vali nyingi za umeme za bustani zimetengenezewa maji ya bomba yenye nguvu, na huutegemea msukumo huohuo ili zijifunge sawasawa. Ukipungua, maji yanachuruzika usiku kucha na asubuhi tangi ni tupu. Vali ya mota, inayozungusha koki ya kawaida, ingefaa zaidi. Lakini orodha ya manunuzi mara nyingi huandikwa na mtu ambaye hajauona mnara.

Kihisi nacho kina yake. Vile vya kawaida vina visahani vinavyofyonza maji, vikavimba na kubonyeza swichi. Kifungwe chini ya ukingo wa paa, mvua hakiioni. Kifungwe chini ya mwembe, kitaendelea kulowa kwa matone ya majani hata anga likishatakata. Florida, Marekani, tangu 1991 sheria inataka mifumo mipya ya kujiendesha iwe na kifaa cha kuizima mvua ikinyesha. Pa kukifunga bado ni kazi ya fundi.

Vibaya zaidi ni vile vijiti viwili vya bei chee vinavyochomekwa ardhini kupima unyevu. Umeme ukipita humo mfululizo, chuma huliwa. Kikishaliwa, umeme haupiti vizuri, na kisanduku husoma kwamba udongo ni mkavu. Ndipo utakapokuta, katikati ya masika, pampu ya kujaza tangi inanguruma na matuta yanaelea. Dada wa kazi anayechomeka kidole kwenye udongo kabla ya kushika ndoo hakosei hivyo, wala hakatiki umeme ukikatika.

Halafu, mvua ipi? Milimita 5 kwenye tuta la mita 4 kwa 2 ni lita 40, yaani ndoo mbili za lita 20. Jua kali la Januari huweza kuyarudisha maji hayo hewani kwa siku moja au mbili. Mfumo unaosimamisha umwagiliaji wiki nzima kwa sababu ya manyunyu ya jioni moja utaua mchicha.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kisanduku, pima kimo cha tangi, weka chujio ili mipira ya matone isizibe, na acha kopo wazi bustanini lipokee mvua ya msimu mmoja. Na fundi akimaliza, mdai koki ya mkono pembeni ya vali, mahali ambapo kila aliye nyumbani anaifikia.