Pumzi Hupimwa kwa Urefu, si kwa Unene

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba hewa haiwezi kumdhuru mtu. Sisi wa tawi la wafanyakazi wa hospitali moja huku Uganda tulidhani hivyo pia, mpaka mwenzetu wa jikoni alipopasuliwa kifua.

Dada huyu aliugua kifua kikuu zamani akapona, lakini pafu la kulia lilibaki limeharibika, akawa anakohoa damu. Waganga wakaamua kuikata sehemu mbovu. Asubuhi ya kazi mganga wa usingizi alifungua faili lake, akakuta uzito umeandikwa, kilo 80, urefu haumo. Akaomba tepu ya kupimia. Chumba kizima cha upasuaji, chenye mashine za bei ya nyumba, hakikuwa na tepu! Ikabidi tumkimbilie fundi cherehani wetu anayeshona mashuka ya wodi. Akaja nayo shingoni. Dada akapimwa: sentimita 155.

Baadaye tulimwuliza mganga huyo, ambaye ni mwanachama wetu, urefu ulikuwa wa nini. Akatueleza. Anayepasuliwa pafu hulazwa ubavu, akatiwa kooni mpira wenye njia mbili. Mpira wa namna hiyo ulielezwa mwaka 1949 na daktari Eric Carlens wa Uswidi, kwanza kwa kupima kila pafu peke yake, kisha wapasuaji wakauchukua. Njia moja hufungwa ili pafu linalopasuliwa linywee; lile jingine hubeba kazi ya mawili. Hapo ndipo penye hatari. Mashine ikilisukumia hewa nyingi, vifuko vyake vidogo hutanuka kupita kiasi, huumia na kuvimba, na mgonjwa aweza kufa siku kadhaa baadaye ingawa mshono ni mzuri.

Zamani ilikuwa desturi kutoa mililita 10 kwa kila kilo, hata pafu likiwa moja. Kwa kilo 80 ni mililita 800. Lakini mafuta ya tumboni hayakuzi pafu. Pafu hufuata urefu. Mwanamke wa sentimita 155 huhesabiwa kama wa kilo 48, na siku hizi pafu moja hupewa mililita 4 hadi 6 kwa kilo. Tukishika 5, ni mililita 240, haijazi chupa ya soda. Ndiyo sababu wanawake na watu wafupi ndio hupewa hewa ya kuzidi mara nyingi, pale mtu anapokisia kwa macho.

Si maneno ya mtu mmoja. Mwaka 2000 waganga wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 861 wa mapafu waliokuwa kwenye mashine. Hao hawakuwa wa upasuaji wa kifua, lakini somo ni lile lile: waliopewa mililita 12 walikufa karibu 40 katika kila 100, waliopewa 6 walikufa 31.

Pumzi ndogo nayo yataka mlinzi. Hubakizwa hewa kidogo mwishoni mwa kila pumzi, vifuko visije vikagandamana. Oksijeni ikishuka, mwenye papara huongeza nguvu ya mashine. Mjuzi hutazama kwanza kama mpira umehama mahali pake. Hiyo si kazi ya kuchungulia mlangoni. Na asubuhi ile ile wakubwa walitaka mganga wetu ahudumie vyumba viwili! Akakataa, nasi tukasimama naye, na mgonjwa wa ngiri wa chumba cha pili akangoja hadi alasiri. Ndugu zake walitutukana sana. Hatuwalaumu, hawakuwa wameambiwa lolote.

Dada amesharudi jikoni. Tepu haikurudi kwa fundi. Imetundikwa msumarini katika chumba cha upasuaji, naye bado anatudai nyingine. Barua yetu ya kuomba mganga wa usingizi wa pili haijajibiwa.