Na, -ka- na -ki-: Sarufi ya Kiswahili katika Uwezekano wa Matukio Ambatano

Miongoni mwa mada za Hisabati zinazofundishwa shuleni, ni chache zinazotegemea maneno madogo ya lugha kama uwezekano wa matukio ambatano, yaani matukio mawili au zaidi yanayopimwa kwa pamoja. Mwanafunzi anaweza kuzidisha na kujumlisha sehemu bila kosa, lakini akalikosa swali kwa sababu ya kiunganishi. Nchini Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Mtoto aghalabu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huikuta mada hii sekondari kwa Kiingereza, naye mwalimu hulazimika kuifafanua kwa Kiswahili cha papo kwa papo. Ufafanuzi huo usipokuwa makini, mtoto hujibu sawasawa swali alilolisikia, lakini akakosa alama za swali lililoandikwa.

Uchukuliwe mfuko wenye gololi nyekundu 3 na nyeupe 2, zote za ukubwa mmoja. Mtoto anatoa gololi moja bila kuangalia, hairudishi, kisha anatoa ya pili. Itazamwe sentensi hii: *Alitoa gololi nyekundu na nyeupe*. Kiunganishi *na* hakisemi ipi ilitangulia. Kwa hiyo njia zote mbili huhesabiwa: nyekundu kisha nyeupe ni 3/5 × 2/4, sawa na 3/10, nyeupe kisha nyekundu ni 2/5 × 3/4, nayo ni 3/10. Jumla ni 3/5. (Kwa kuwa nomino *gololi* haibadiliki katika umoja na wingi, msikilizaji anaweza hata kudhani ni gololi moja yenye rangi mbili. Hilo lisidharauliwe.)

Sasa isemwe: *Alitoa nyekundu, akatoa nyeupe*. Kiambishi *-ka-* ni cha mfuatano. Kimeondoa njia moja kati ya mbili, na uwezekano umeshuka hadi 3/10. Mofimu moja imeugawa uwezekano nusu kwa nusu. Hatimaye iulizwe: *Akitoa nyekundu kwanza, kuna uwezekano gani wa kutoa nyeupe?* Hapa *-ki-* ya masharti imelichukulia tukio la kwanza kuwa limekwisha tokea. Zimebaki gololi 4, nyeupe zikiwa 2, na jibu ni 1/2. Mfuko ni ule ule na gololi ni zile zile, bali *na*, *-ka-* na *-ki-* vimezaa majibu matatu. Wanaodai kwamba Kiswahili hakina nyenzo za kueleza Hisabati kwa usahihi wangefaa kuanzia hapa. Tofauti ambayo lugha nyingine huieleza kwa maneno kadhaa, mzungumzaji wa Kiswahili huibeba ndani ya kitenzi tangu utotoni.

Kiunganishi *au* kina matata yake. Anayeulizwa kama atakunywa chai au kahawa hatarajiwi kutaka vyote viwili. Katika Hisabati, hata hivyo, *au* hujumuisha pia hali ya vyote viwili. Ikichaguliwa kwa nasibu namba moja kutoka 1 hadi 10, kuna uwezekano gani wa kupata namba shufwa au namba inayozidi 6? Shufwa ni 5, zinazozidi 6 ni 4, lakini 8 na 10 zimo katika makundi yote mawili na hazistahili kuhesabiwa mara mbili. Jibu ni 7/10. Atakayejumlisha tu atapata 9/10. Atakayelisikia *au* la chai na kahawa atazitoa kabisa 8 na 10, apate 5/10. Huyu wa pili hakukosea hesabu hata kidogo. Mtunzi wa swali anayekusudia maana yake ana *ama … ama*, na heri aitumie, tena aongeze *lakini si zote mbili*.

*Angalau* nalo katika mazungumzo hubeba hisia ya kuridhika na kichache, ilhali katika Hisabati maana yake ni “moja au zaidi”. Njia fupi ya kulihesabu ni kupitia ukanushi: uwezekano wa kutopata nyekundu hata moja katika mfuko ule ni 2/5 × 1/4, yaani 1/10, basi uwezekano wa kupata angalau moja ni 9/10. Suala la aina hii lilijadiliwa katika barua za Pascal na Fermat mwaka 1654. Kupata angalau sita moja katika mitupo 4 ya dadu kuna uwezekano wa 671/1296, unaozidi nusu kidogo. Kupata angalau sita mbili kwa pamoja katika mitupo 24 ya dadu mbili hakufikii nusu.

Kuhusu istilahi, sarufi inayofundishwa shuleni imekwisha kuandaa njia. Mwanafunzi anayejua sentensi ambatano, kishazi huru na kishazi tegemezi hatashangazwa na tukio ambatano, matukio huru na matukio tegemezi. Gololi ya kwanza ikirudishwa mfukoni, matukio ni huru. Isiporudishwa, ni tegemezi. Mlingano huu una mpaka, hata hivyo. Kishazi tegemezi hukiegemea kishazi kikuu, wala hakiegemewi nacho. Matukio tegemezi hutegemeana. Mtu akiambiwa kwamba gololi ya pili ilikuwa nyeupe, uwezekano kwamba ya kwanza ilikuwa nyekundu hupanda kutoka 3/5 hadi 3/4, ingawa ya pili haikuweza kuiathiri iliyoitangulia. Kinachobadilika ni ujuzi wa anayekisia. Kwa sababu hiyo *matukio yanayotegemeana*, yenye kiambishi cha kutendana *-an-*, ni istilahi sahihi zaidi kuliko *matukio tegemezi*, japo ni ndefu.