Kadi Kubwa ya Jana na Bei ya Leo (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kazi ya kadi ya grafiki ndani ya kompyuta, na kwa nini gemu za leo haziendi bila ya kadi nzuri. Leo tunaingia sokoni. Kijana wa Ruwi, Seeb au Al Khoudh hapa Muscat anayetaka mashine ya gemu huambiwa na wenzake: usinunue mpya, tafuta iliyokuwa kubwa kuliko zote katika kizazi kilichopita, utaipata kwa bei nafuu. Ushauri huo ulikuwa na maana kwa miaka mingi. Hivi sasa unafaa kwa kadi chache tu, kwa sababu kadi kubwa za zamani zimepata wanunuzi wapya wasiocheza gemu, na wao ndio wanaoziwekea bei.

Septemba 2020 kampuni ya NVIDIA ilitoa RTX 3080 kwa dola 699 na RTX 3090 kwa dola 1,499. Kwa kuwa riali ya Oman imefungwa kwenye dola kwa kiwango kilekile tangu 1986, hesabu yake ni nyepesi: dola moja ni kama baisa 385. Kwa hiyo tunazungumzia riali 269 na riali 576, bila ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 iliyoanza kutozwa Oman Aprili 2021. Bei hizo zilibaki kwenye karatasi, kwani wachimbaji wa sarafu ya Ethereum walizikomba kadi kabla hazijamfikia mchezaji. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliachana na uchimbaji wa kutumia kadi, na mzigo mkubwa ukamwagwa sokoni kwa mpigo. Aliyenunua kadi iliyotumika katika miezi ile alipata nafuu ya kweli.

Kisha ikaja akili mnemba. Mtu anayetaka kuendesha modeli ya lugha nyumbani kwake hashughulishwi na wingi wa fremu. Anachotafuta ni kumbukumbu ya ndani ya kadi, kwa sababu modeli isiyoenea humo hukokota. RTX 3090 ina gigabaiti 24, na mwanafunzi wa uhandisi yuko radhi kuzilipia. Mchezaji akilipa bei hiyohiyo, ananunua gigabaiti ambazo gemu nyingi hazitazigusa. Kwa kasi ya gemu, 3090 inakaribiana na RTX 4070 Super iliyotoka Januari 2024 kwa dola 599, na hiyo ndogo hula wati 220 ilhali 3090 hula 350. Tena 3090 ina udhaifu wa maumbile: chipu zake 24 za kumbukumbu zimegawanywa pande mbili za bodi, na zile 12 za nyuma hazipulizwi na feni, zinategemea bamba la chuma. Kadi ya namna hiyo ikiwa ilichimba sarafu usiku na mchana, chipu za nyuma ndizo zilizoumia zaidi. Kwa mchezaji wa Muscat siipendekezi hata ikiwa imetunzwa.

RTX 4090 ni habari nyingine. Ilitoka Oktoba 2022 kwa dola 1,599, nayo kwa nguvu zake halisi bado inaishinda RTX 5080 iliyotoka Januari 2025. Uzuri huo ndio unaoiponza. Oktoba 2023 Marekani iliweka masharti yaliyozuia isiuzwe China, na huko mafundi wakaanza kung'oa chipu kuu pamoja na za kumbukumbu, wakizihamishia kwenye bodi nyingine zilizotengenezwa kwa kazi za akili mnemba. Gamba lililobaki, yaani feni, bamba na bodi tupu, likarudishwa sokoni. Mafundi wa nchi mbalimbali wameshaletewa kadi za 4090 watengeneze, wakazifungua na kukuta hamna chipu ndani. Kwa nje haina tofauti na nzima. Kwa hiyo 4090 inayotangazwa kuwa "haijajaribiwa" au "ina hitilafu ndogo" iacheni, hata bei ikivutia namna gani.

Palipo na faida ni chini kidogo ya kilele. RTX 4080 ya Novemba 2022 na ndugu yake 4080 Super ya Januari 2024 zina gigabaiti 16. Hizo zinamtosha mchezaji, na hazimvutii sana mtu wa akili mnemba. RTX 5080 iliyozifuata haikuziacha mbali. Katika gemu nyingi tofauti yake na 4080 Super ni kama asilimia 10 hadi 15. Basi bei ya haki ya 4080 Super iliyotumika tuipateje? Tazama kadi mpya inayolingana nayo, ambayo ni RTX 5070 Ti. Bei yake ya uzinduzi ilikuwa dola 749, sawa na riali 288, na ukitia kodi ni riali 302. Ikiwa duka lako linaiuza zaidi ya hapo, chukua bei ya duka. Mimi nasema kadi iliyotumika isizidi robo tatu ya bei hiyo, kwa kuwa mpya ina dhamana na haijawahi kuchemshwa na mtu. Muuzaji akikataa kushuka, nunua mpya. Upande wa kampuni ya AMD, RX 7900 XTX ina nguvu na gigabaiti 24, lakini programu mpya ya kukuza picha, FSR 4, ilipotoka mwaka 2025 iliwekwa kwa kadi za RX 9000 tu. Kwa NVIDIA ilikuwa kinyume: ukuzaji picha ulioboreshwa wa DLSS 4 ulifikishwa mpaka kadi za RTX 20.

Katika kulinganisha, msihadaike na fremu za kubuniwa. Januari 2025 mjini Las Vegas, mkuu wa NVIDIA, Jensen Huang, alisema RTX 5070 ya dola 549 ingetoa utendaji wa 4090. Dai hilo lilisimama juu ya mbinu ambayo kadi huchora fremu moja ya kweli, kisha akili mnemba hutunga hadi tatu za ziada. Picha huonekana laini, lakini gemu haisikilizi mkono wako haraka zaidi kwa ajili hiyo. Linganisheni kadi mbinu hiyo ikiwa imezimwa.

Joto la Muscat nalo lina hesabu yake. Kila wati inayoingia kwenye kadi hutoka ikiwa joto ndani ya chumba. Kiyoyozi cha tani moja huondoa kama wati 3,500 za joto, kwa hiyo 4090 ya wati 450 inakula peke yake sehemu ya nane ya uwezo huo. Julai, nje kukiwa digrii 45 na chumba ni kidogo, kiyoyozi hakipumziki, na umeme unaulipia mara mbili. Kadi ya wati 320 iliyopunguzwa nguvu kidogo kwa programu hupoteza fremu chache na kuokoa joto jingi. Na kama skrini yako ni ya pikseli 1,920 kwa 1,080, hizi zote ni kubwa mno kwako.

Siku ya kununua, ione kadi ikifanya kazi. Fungua programu ya GPU-Z uhakikishe jina, kumbukumbu na idadi ya viini vinalingana na kadi ya kweli. Endesha gemu nzito kwa nusu saa huku HWiNFO ikionesha joto, la chipu na la kumbukumbu. Madoa ya rangi au skrini kuzima ghafla ni alama ya kuondoka. Chungulia tundu la umeme la pini 16: plastiki iliyobadilika rangi au kuyeyuka maana yake plagi ilikuwa haikukazwa au kebo ilikuwa mbovu, kasoro iliyojulikana tangu mwisho wa 2022. Muuzaji asiye na la kuficha hatokataa. Dai risiti ya mwanzo, kwani sheria ya Oman ya kumlinda mlaji ya mwaka 2014 inambana mwenye duka, si mtu uliyekutana naye kwenye tangazo. Na kadi iliyotoka Dubai, ulizia kwanza kama dhamana yake inavuka mpaka.

Wapo wanaonunua hapa kwa ajili ya ndugu zao wa Unguja, Pemba au Dar es Salaam. Plagi ni ileile ya pini tatu za bapa, na umeme ni uleule wa hezi 50, ila kule hupanda na kushuka. Mashine yenye kadi kama 4080 Super hufika wati 500, na ile UPS ndogo ya VA 650 haiwezi kuibeba. Kadi msiisafirishe ikiwa imechomekwa ndani ya kompyuta: 4090 inazidi kilo 2, na mtikiso mmoja wa mizigo uwanjani unatosha kuvunja tundu la bodi. Ichomoeni, itieni kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, na msafiri aibebe kwenye begi la mkononi.