Wakiwa nje wanalia deni, wakiingia wanakopa

Chama kisicho na rais Marekani hukumbuka ghafla kwamba nchi ina deni. Kikishinda uchaguzi, kimya. Halafu walioshindwa wanaanza kelele ileile. Mchezo huu umeendelea zaidi ya miaka 20, na bili inazidi kunona.

Kwanza tuelewane. Nakisi ni pesa ambazo serikali inatumia kwa mwaka kupita inazokusanya. Deni ni nakisi za miaka yote zikirundikana. Wanasiasa wanapenda sana ukichanganya hayo mawili.

Mwaka wa 2000, Bill Clinton wa Democratic akiwa rais na Republican wakidhibiti Bunge, Marekani ilikuwa na ziada ya takriban dola bilioni 236. Yaani pesa zilibaki! George W. Bush akaja, akapunguza kodi 2001 na 2003, akaingia vita Afghanistan na Iraq. Ziada ikayeyuka. Barack Obama alirithi uchumi uliokuwa umeporomoka, na nakisi ya 2009 ikafika dola trilioni 1.4.

Hapo ndipo Republican waligeuka walinzi wa hazina. Mwaka wa 2011 walikataa kuongeza kikomo cha deni hadi dakika ya mwisho, na Standard & Poor's ikaishusha Marekani daraja la mikopo kwa mara ya kwanza.

Sasa cheki. Donald Trump alipoingia 2017, chama hichohicho kilipitisha sheria ya kupunguza kodi. Kufikia 2019, kabla ya corona, nakisi ilikuwa inakaribia dola trilioni 1, na uchumi ulikuwa fiti. Chini ya Joe Biden mambo hayakubadilika: 2024 nakisi ilikuwa dola trilioni 1.8, na riba peke yake ikapita bajeti ya jeshi.

Mbona hakuna anayeulizwa? Kwa sababu wapiga kura hawaaminiani. Mwaka wa 1958, karibu robo tatu ya Wamarekani waliiamini serikali yao. Kufikia 2024, shirika la Pew lilipata asilimia 22 tu. Na hata imani hiyo kidogo huhama kulingana na nani yuko Ikulu. Kwa hivyo mwanasiasa hana haja ya kusawazisha hesabu. Anakutisha tu na yule mwingine, unampa kura.

Anayeumia ni mtu wa kawaida. Vyama viliposhindwa kuelewana Oktoba 2025, serikali ilifungwa siku 43. Wafanyakazi kibao walikaa bila mshahara, lakini wabunge waliendelea kulipwa.

Na usiseme hayo ni ya huko. Kenya pia hukopa kwa dola. Marekani ikilipa riba ya juu, mwekezaji hawezi kutukopesha sisi kwa bei rahisi.

Ukitaka kumpima mwanasiasa, achana na anachosema kuhusu deni la wapinzani. Angalia alivyopiga kura rais wa chama chake alipoleta bili. Julai 2025, Thomas Massie wa Kentucky, Republican, alipinga mswada mkubwa wa Trump akisema utaongeza deni. Trump akaapa kumtafutia mpinzani kwenye mchujo. Wenzake karibu wote wakaona, wakapiga kura ya ndio.