Aproni, Wino na Viatu vya Mbao

Picha za darasa zilizopigwa Ufaransa kati ya vita vikuu viwili vya dunia zinafanana sana. Wavulana wa shule ya msingi wamejipanga wakiwa ndani ya aproni nyeusi au za kijivu, zenye mikono mirefu, zinazokaribia magoti, nyingi zikiwa na mkanda kiunoni. Sisi tuliokulia kwenye sare tunadhani haraka kwamba serikali ndiyo iliyoagiza. Haikuagiza. Sheria za waziri Jules Ferry za 1881 na 1882 zilifuta ada, zikalazimisha elimu na kuiondoa dini katika masomo, lakini hazikuweka sare ya taifa. Aproni ilikuwa desturi, na hapa na pale kanuni ya shule yenyewe.

Iliyoidumisha desturi hiyo ni wino. Kila dawati lilikuwa na tundu, na ndani yake kidau cha kaure kilichojazwa wino wa zambarau. Mtoto alichovya nibu ya chuma, na aliyoijua kila mmoja ni Sergent-Major, kisha akaandika kwa kukandamiza mstari unaposhuka na kulegeza mkono unapopanda. Akikandamiza mno, ncha hupanuka na wino hutawanyika hadi kwenye kiwiko cha jirani. Koti la sufi halikuwa nguo ya kufuliwa kila wiki, hasa pale ambapo maji yalichotwa na kuchemshwa. Aproni ya pamba ilichemshwa na kusuguliwa, na doa lililogoma kutoka lilimezwa na rangi nyeusi. Kalamu ya bolpeni iliporuhusiwa rasmi shuleni mwaka 1965, vazi hili lilipoteza kazi yake kubwa.

Chini ya aproni kulikuwa na kaptula, hata wakati wa baridi kali, pamoja na soksi ndefu za sufi ambazo mara nyingi zilifumwa nyumbani. Suruali ndefu ilisubiri ukubwa. Kwa watoto wengi wa vijijini ukubwa huo ulikuja mapema, kwa kuwa elimu ya lazima iliishia miaka 13, mpaka waziri Jean Zay alipoisogeza hadi 14 kwa sheria ya Agosti 1936. Kichwani walivaa bereti. Mvua ikinyesha, joho fupi lenye kofia.

Wafaransa wengi husema aproni iliwafanya watoto wote kuwa sawa. Mimi nakubali nusu tu. Kitambaa chenyewe kilisema mengi. Kuna aproni mpya inayong'aa, na kuna iliyopauka, yenye viraka vya viwiko, mikono ikiishia juu ya kifundo kwa sababu ilikuwa ya kaka. Tukumbuke kwamba vita vikuu vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeua wanajeshi wa Ufaransa zaidi ya milioni 1.3. Dola iliwatambua yatima wao kwa sheria ya Julai 1917, lakini kushona, kupunguza na kushusha pindo kulibaki mikononi mwa mama.

Miguu ndiyo iliyosema waziwazi zaidi. Mtoto wa mjini mwenye nafasi alivaa viatu vya ngozi. Wengi walivaa galoches, ngozi juu na soli ya mbao, ambayo wazazi waliipigilia misumari ya chuma isilike upesi, na uwanja wa shule ulijaa kelele za mbao na chuma. Vijijini bado kulikuwa na viatu vilivyochongwa kwa mbao tupu.

Katika lycée, yaani sekondari ya wachache, mwanafunzi wa kutwa alikuja na koti na tai. Wa bweni walivaa aproni pia, na Jean Vigo, aliyewahi kuishi bwenini, aliwaonyesha hivyo katika filamu yake Zéro de conduite ya 1933, iliyopigwa marufuku hadi baada ya ukombozi wa Ufaransa. Miaka hiyohiyo, kuanzia 1930, ada ya sekondari za umma ilikuwa ikiondolewa hatua kwa hatua. Koti, tai na viatu vya ngozi viliendelea kutoka mfukoni mwa mzazi.